Pakiti Haiungi Dengu

Wapo wasemao, na sauti zao zazidi kusikika katika nyumba za visiwani, kwamba dengu za Kihindi hazipikiki bila ya pakiti. Dengu huchemshwa, pakiti hufunguliwa, unga humwagwa chunguni, na watu walioketi mkekani huambiwa kwamba leo wamekula chole kama zinavyopikwa Delhi. Mwenye kuuliza kilichomo ndani ya unga ule hujibiwa kuwa ni "bizari ya Kihindi", na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo ni ya kupingwa. Inawasingizia Wahindi jambo lisilokuwa lao, na inawanyang'anya watu wa visiwa jambo lililokuwa lao.

Kwanza ijulikane pakiti imetoka wapi. Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha mjini London kitabu cha mapishi, na ndani yake akaeleza jinsi ya kupika mchuzi kwa namna ya Kihindi. Mwingereza huyo alimwagiza mpishi azikaange giligilani juu ya moto, kisha azitwange. Hazikupita hata miaka arubaini. Mwaka 1784 duka moja la manukato katika mji huohuo likatangaza gazetini bizari iliyokwisha sagwa na kuchanganywa, tayari kwa kutiwa chunguni. Baina ya miaka hiyo miwili kinu kilitoweka, na unga mmoja ukapewa kazi ya kuisemea India nzima. Huko India kwenyewe jiko la nyumbani halikuwa na bizari moja ya vyakula vyote. Samaki walikuwa na viungo vyao, dengu zilikuwa na zao, na nyumba mbili za mtaa mmoja zilitofautiana. Ni kweli kwamba leo viwanda vya India navyo vinauza pakiti kwa wingi. Lakini biashara ya leo haifanyi kuwa asili kile ambacho si asili.

Chole zenyewe zina ushahidi ulio mzito zaidi. Miongoni mwa mapishi yake mashuhuri ni yale yaitwayo Pindi, kwa jina la mji wa Rawalpindi. Ilipogawanywa India mwaka 1947, mamilioni ya watu walihama Punjab, hawa wakielekea mashariki na wale magharibi. Mabaniani na Makalasinga waliotoka Rawalpindi na miji jirani walifika Delhi wakiwa wameacha nyuma majumba, mashamba na maduka. Wengi walianza maisha upya kwa kupika na kuuza chakula barabarani, na chole ni miongoni mwa vyakula walivyouza. Hawakuwa na pakiti. Walikuwa na kumbukumbu ya mkono: kiasi gani cha mbegu za komamanga zilizokaushwa kitie ukali, majani ya chai yafungwe vipi katika kitambaa ili dengu ziive zikiwa na rangi ya giza, uzile ukaangwe hadi ufikie wekundu gani. Mji waliupoteza, na mapishi yakalibakisha jina lake. Je, kama elimu yao ingekuwa imehifadhiwa katika pakiti ya dukani, wangevuka mpaka na nini?

Kiswahili nacho hakikukosa hekima katika jambo hili. Dengu zilizochemshwa kwa maji na chumvi peke yake huitwa za chukuchuku. Zikishatiwa mafuta, kitunguu na vikorombwezo vyake, husemwa kuwa zimeungwa. Na vile vinavyoziunga huitwa viungo. Lugha iliona kwamba kazi ya jikoni ni kuvifanya vitu mbalimbali vishikane, na kila kiungo kishike pahala pake. Hapo ndipo pakiti inaposhindwa. Kila kilichomo ndani yake kimesagwa na kuchanganywa, hivyo kina wakati mmoja tu wa kuingia chunguni, ilhali dengu zinataka nyakati nyingi.

Na wazitazame dengu tangu usiku. Nusu kilo huoshwa na kurowekwa, maana dengu kavu ni ngumu kama changarawe. Asubuhi humwagwa maji yale na kutiwa mengine. Hapa mpishi wa visiwani ana jambo la kuliangalia ambalo kitabu cha ng'ambo hakimwambii: maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe yana chokaa, na chokaa huzikaza dengu zisilainike. Bibi zake walijua dawa yake, nayo ni chembe ya magadi. Walijua pia kwamba kitu kikali, kiwe ukwaju, ndimu au nyanya, hakitangulii, kwa kuwa dengu zikikutana na ukali kabla ya kuiva hubaki na moyo mgumu hata zikichemshwa kutwa. Katika sufuria hii ya kwanza huingia vitu vizima vinavyostahimili maji mengi na moto wa muda mrefu: kijiti cha mdalasini, karafuu mbili tatu, iliki.

Pembeni, katika kikaango kikavu, hukaangwa giligilani na uzile, ambao bara huitwa bizari nyembamba, hadi harufu ipande. Hapo huepuliwa na kutwangwa. Kisha samli au mafuta hupashwa moto. Uzile mzima mwengine hutangulia na kupasukapasuka, kwani mbegu nzima huhimili mafuta ya moto, na harufu yake hukaa ndani ya mafuta, si ndani ya maji. Hufuata chembe ya mvuje. Visiwani mvuje unajulikana zaidi kwa kuwakinga watoto na mashetani, na wengi hawajui kwamba utomvu huo wa Uajemi na Afghanistan, ukigusa mafuta ya moto, huacha uvundo wake na kunukia mfano wa kitunguu. Kitunguu chenyewe hukaangwa hadi kiwe chekundu sana, na hapa hapana njia ya mkato. Tangawizi na thaumu, pilipili mbichi, manjano kidogo, kisha nyanya, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ndipo dengu huingia pamoja na maji yake, na teko moja hupondwa ili mchuzi ushike uzito. Unga uliotwangwa na ukali wa embe kavu au wa ukwaju huja mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa.

Sasa pakiti na iwekwe katika utaratibu huo. Ikiingia mwanzo, katika mafuta ya moto, unga huungua kwa nukta chache na kuwa mchungu. Ikiingia mwisho, uzile na giligilani hubaki vibichi, na mlaji husikia vumbi ulimini. Mshairi aliyepewa vina vyote vya beti vikiwa vimesagwa pamoja katika mfuko mmoja angecheka. Mpishi anapewa jambo lilelile, naye anashukuru.

Watetezi wa pakiti wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna chakula kilicho safi: pilipili na nyanya zilitoka Amerika, na zilifika India kwa majahazi ya Wareno baada ya mwaka 1498, kwa hiyo hata chole za Delhi ni mchanganyiko. Hoja hiyo ni ya kweli na haiwasaidii. Hakuna anayedai usafi wa asili. Wahindi walipoipokea pilipili, waliipa nafasi yake katika mpango wa chungu. Pakiti haikupokewa katika mpango wowote, bali imeufuta uliokuwapo.

Hoja ya pili ni wakati, na hiyo yastahiki heshima. Mwanamke anayetoka kazini jioni hana saa mbili za kusimama mbele ya jiko, wala haifai kazi hiyo iwe yake peke yake. Lakini dengu hurowekwa na usiku, si na mtu. Sufuria ya mvuke huzilainisha kwa muda mfupi. Uzile na giligilani za wiki nzima hutwangwa kwa robo saa, na mtoto, wa kike au wa kiume, aweza kuufanyia kazi mchi. Kinachookolewa na pakiti ni dakika chache, na bei yake ni kutojua anachokula mtu. Aprili 2024 mamlaka za Hong Kong na Singapore ziliamuru baadhi ya bizari za pakiti kutoka India ziondolewe madukani, baada ya kukutwa na ethilini oksaidi, kemikali inayotumika kuulia wadudu. Mwenye karafuu nzima mkononi huiona, huinusa na huivunja. Mwenye unga ana picha iliyochapwa juu ya pakiti.

La kuhuzunisha zaidi ni biashara yenyewe. Karafuu za Unguja na Pemba huenda India, na dengu za Shinyanga na Mwanza huenda India. Kisha hurudi pakiti iliyopakwa rangi, nayo hununuliwa kwa fahari na mtu ambaye nje ya nyumba yake karafuu zimeanikwa juani. Mtoto wa nyumba hiyo hukua akidhani kwamba ladha hutengenezwa mbali, na watu wengine, na kwamba sehemu yake ni kukata mfuko kwa mkasi. Akiulizwa kesho uzile hutiwa lini, atasoma maandishi ya nyuma ya pakiti, na humo hamkuandikwa. Aliyekuwa akijua ni bibi yake, ambaye yungali hai, ameketi barazani, na hakuna aliyemuuliza.