KASARANI HAIJASAHAULIKA

Wananchi, twasema wazi: muuaji akamatwe, ahukumiwe. Lakini Aprili 2014 polisi wa Kenya waliingia Eastleigh, Nairobi, wakakamata maelfu, wengi wao Wasomali, wakawafungia uwanjani Kasarani. Hata wenye vitambulisho vya Kenya hawakupona. Twauliza, msako ule ulizuia nini? Aprili 2015 Al-Shabaab waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa.

Desemba 2015 basi lilivamiwa karibu na Mandera. Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Wakawavika wenzao mitandio. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Kwa jina lake tu, angalikuwa Eastleigh angalitiwa garini.

Serikali na iwatake radhi waliofungiwa, tena iwasikilize. Hao ndio wamjuao anayewanong'oneza vijana wao.