Ukumbi wa Nyumbani: Kalamu Wakati wa Tauni

Bila shaka mnaikumbuka miezi ile ya mwaka 2020, maradhi ya korona yalipotufikia hapa Mombasa. Misikiti ilifungwa, na tangu tarehe 27 Machi ikawa hapana ruhusa ya kutoka nje baada ya saa moja ya usiku. Katika siku hizo binti wa ndugu yangu, ambaye tangu udogo wake ni mtungaji wa hekaya, alinijia na daftari lake mkononi akaniambia: "Ami, nimeshindwa. Kila nikishika kalamu naona haya. Watu wazikwa, nami nakaa kuandika mambo yasiyokuwako." Nikamjibu kwa haraka kwamba kweli, huo haukuwa wakati wa hekaya. Akaliweka daftari mezani kwangu akaenda zake, wala hajalirudia mpaka leo.

Jibu lile limenichoma muda mrefu, na mwezi huu nataka kulisahihisha mbele yenu kwa habari za mtungaji mmoja wa Italia aliyepitiwa na balaa kubwa kuliko letu.

Jina lake ni Giovanni Boccaccio, naye alizaliwa mwaka 1313. Tauni ilipoingia mji wa Florence, mwaka 1348, alikuwa mtu wa makamo, amekwisha andika vitabu kadhaa vya mapenzi. Katika miaka hiyo aliondokewa na baba yake. Asema aliona kwa macho yake nguruwe wawili wakiyavuta matambara ya maskini mmoja aliyekufa, na baada ya kitambo kidogo wote wawili wakaanguka wakafa juu ya matambara yale. Asema ndugu alimkimbia ndugu yake, na zito kuliko yote, wazazi waliwakimbia watoto wao. Asema tena kwamba waliokufa ndani ya kuta za mji walipita 100,000. Hesabu hii wanavyuoni wa tarehe hawaikubali, maana yadhaniwa mji wenyewe haukufikia idadi hiyo. Lakini mfiwa hahesabu kama karani.

Sasa tazameni alivyofanya. Ugonjwa ulipopungua alianza kitabu chake, Decameron, na tauni akaipa kurasa za mwanzo tu. Kisha akawatoa vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, akawapeleka shambani nje ya mji, na huko wakasimuliana hadithi 100 kwa siku kumi. Na Ijumaa na Jumamosi hawakusimulia. Ndani ya hadithi hizo wamo wafanyabiashara, wezi, mahakimu, na wake wenye akili kuliko waume zao. Yumo hata Sultani Salahuddin, mara mbili, naye ametajwa kwa heshima. (Si hadithi zote zinazofaa kusomwa mbele ya watoto, na mwenye kukitafuta kitabu ajue hayo mapema.) Najua atatokea msomaji wa kusema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kuikimbia nchi iliyoingia tauni. Ni kweli, wala siwatetei vijana wale. Lakini baada ya wiki mbili walirejea mjini, na kitabu hakisemi kuwa tauni ilikuwa imekwisha.

Wakati uo huo, katika mji wa Halab, Ibn al-Wardi, kadhi na mshairi, aliandika risala yake juu ya tauni kwa nathari yenye vina, nayo ingali ikimzunguka. Tauni hiyo hiyo ikamwua, mwaka 749 wa Hijria, yaani 1349. Yeye aliandika katikati ya moto, na Boccaccio aliandika ulipopoa. Mimi nilipomjibu binti yangu sikumwachia hata njia moja katika hizo mbili. Nilidhani kalamu iliyonyamaza imekufa, kumbe huenda ilikuwa ikifanya eda.

Na haya aliyokuwa nayo, Boccaccio pia aliyaonja. Mwaka 1362 alifikiwa na maonyo ya mtawa mmoja, kwamba kifo chake ki karibu na aachane na utunzi wa mashairi. Alitikisika hata akataka kuviuza vitabu vyake, na rafiki yake Petrarch ndiye aliyemtuliza kwa barua. Uzeeni alimwandikia rafiki mwingine asiwaruhusu wanawake wa nyumbani kwake kuzisoma hadithi zile, ilhali yeye mwenyewe alisema mwanzoni kuwa amewatungia wanawake, waliofungiwa vyumbani kwa amri ya wazazi na waume! Hata hivyo, karibu na mwaka 1370, mwili umekwisha mchakaa, alikaa akakinakili kitabu kizima upya kwa mkono wake mwenyewe, na nakala hiyo imehifadhiwa Berlin.

Daftari la binti yangu lingali mezani kwangu. Nimelipangusa vumbi, sikulifungua. Akisoma ukurasa huu, na aje alichukue.