Goma: Hesabu zisimfungie kijana mlango wa fakulte ya uchumi

Kila mara matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, swali hili hurudi katika nyumba nyingi za Katindo: mtoto aliyesoma pedagojia ao latini na filozofia anaweza kuingia fakulte ya uchumi na usimamizi? Wengine hujibu haraka kwamba hesabu zitamshinda. Wengine humwandikisha bila kuuliza lolote. Majibu yote mawili yanamuumiza kijana.

Diploma ya serikali hupewa aliyepata angalau asilimia 50, na ndiyo inafungua mlango wa chuo kikuu. Lakini kufunguliwa mlango si kuwa tayari. Mwaka wa kwanza wa uchumi una hesabu, takwimu na uhasibu. Aliyetoka sehemu ya biashara amekwisha zoea vitabu vya mahesabu. Aliyetoka sehemu ya sayansi hatishwi na fomula. Mwenzao wa latini huanza vyote kama mgeni, na mwalimu hamngojei.

Kosa lina bei. Katika mfumo wa LMD, mwaka una kredi 60, na somo lililoshindikana laweza kumfuata mwanafunzi kama deni. Tangu M23 ilipouchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafunga milango, jamaa nyingi hutafuta pesa ya masomo kwa jasho. Hakuna mzazi mwenye pesa ya kulipia mwaka mmoja mara mbili.

Hata hivyo, hesabu zinazohitajika kwanza si uchawi. Mchuuzi anunue gunia la maharagi kwa dola 80, aliuzishe kwa dola 100. Faida ni dola 20: ni asilimia 25 ya bei aliyonunulia, lakini asilimia 20 ya bei aliyouzia. Anayeelewa kwa nini namba hizo mbili ni tofauti amekwisha anza masomo ya usimamizi. Asiyeelewa anaweza kufundishwa, mradi asione haya kurudi nyuma.

Kazi hiyo ifanywe kati ya diploma na siku ya kwanza ya masomo. Kijana aende fakulte aombe orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza. Arudilie sehemu, asilimia, milinganyo na kusoma grafu, saa moja kila siku, pamoja na mwanafunzi aliyemtangulia.

Vyuo vikuu vya Goma navyo viwe na majuma machache ya kusawazisha hesabu kabla ya masomo kuanza. Kupokea pesa ya mwanafunzi dhaifu na kumngojea aanguke mtihani si malezi. Na shule za sekondari ziache kuwaelekeza watoto kwenye sehemu fulani eti "huko hakuna hesabu nyingi". Hesabu wanazokimbia leo zitawangojea kesho, sokoni ao chuoni.