Saa Mbili za Nani?

Wasomi wetu wanapenda kusema kwamba siku hizi hakuna mbali. "Lubumbashi na Kinshasa ni saa mbili tu," wanasema, na wasikilizaji wanatikisa kichwa. Mimi nakataa.

Sikatai hesabu yao. Kutoka uwanja wa ndege wa Luano hadi wa Ndjili ni kama kilomita 1,550 kwa mstari ulionyooka. Jeti inayokwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, ukiongeza muda wa kupaa na kutua, hutumia saa mbili au mbili na robo. Tena, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiruka saa nne asubuhi, unatua kule saa tano na robo, kana kwamba umesafiri saa moja na robo! Wakati wa kurudi unalipa deni hilo, kwani safari ileile inaonekana saa tatu na robo.

Lakini hesabu hiyo ni ya aliyeketi ndani ya ndege. Aliyebaki chini je? Mjomba wangu alipofariki Kinshasa, mama alihesabu fedha zake za biashara ya unga mara tatu. Hazikutosha nauli. Hakumzika kaka yake. Hata waliokuja kumpa pole walimwambia, "Mbona ni saa mbili tu?"

Asiye na nauli ya ndege ataambiwa apande treni hadi Ilebo, kisha ateremke kwa boti mto Kasai. Reli hiyo ilifika Ilebo mwaka 1928. Karibu miaka mia imepita, na bado njia ya maskini ni ileile, ya siku nyingi zisizojulikana idadi. Barabara ya lami isiyokatika kati ya miji hii miwili haipo.

Sasa tazama mashariki. Dar es Salaam iko kama kilomita 1,380 kutoka Lubumbashi kwa mstari ulionyooka, karibu kuliko mji mkuu wetu wenyewe. Malori ya Dar yanapita Tunduma na Kasumbalesa, yanavuka mipaka miwili, na mizigo inatufikia. Mama yangu, ambaye hakuwa na mpaka hata mmoja wa kuvuka, alishindwa kufika.

Sipingi ndege. Napinga ndege kufanywa kisingizio cha kusahau reli na barabara. Wanaoamua mambo ya nchi husafiri kwa ndege, ndiyo maana hawaoni kilichokatika chini yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi atakayesema tena kwamba Kinshasa ni saa mbili, amalizie sentensi yake: ni saa mbili za nani?