Mameneja wa Madesa

Jamani, leo niacheni niseme, hata kama washkaji zangu watanuna. Huu mtindo wa kusomea mtihani wa PMP kwa madesa unanikera.

Kwa asiyeijua, PMP ni cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Matangazo ya kazi yanakitaja, basi vijana wanajinyima na kulipa mamia ya dola kufanya mtihani. Sawa. Lakini wanasoma nini? Kopi ya kopi kutoka steshenari! Humo wanakariri michakato 49 ya toleo la sita la PMBOK, la mwaka 2017, kama watoto wa madrasa bila mwalimu. Toleo la saba lilipotoka mwaka 2021 liliiweka orodha hiyo kando, likaja na kanuni 12. Januari mwaka huohuo mtihani wenyewe uligeuzwa: maswali 180 kwa dakika 230, asilimia 42 yake kuhusu watu. Tangu hapo mambo yameendelea kubadilika. Muuza kopi alikwambia?

Tuchukue mfano. Mradi wa kisima: kazi iliyokwisha ina thamani ya shilingi milioni 50, fedha zilizotumika ni milioni 80. Mkariri atagawanya haraka, 0.625, atatabasamu. Maana yake kila shilingi imeleta kazi ya senti 62 na nusu. Haya, sasa fundi amegoma, mwenyekiti wa kijiji anataka kisima kihamishiwe karibu na kwake, na mfadhili anasubiri ripoti. Meneja aanze na lipi? Mtihani unauliza hivyo. Na kijiji pia kinauliza hivyohivyo, kwa sababu maji hayajatoka.

Wabaya zaidi ni wanaouza "maswali yenyewe". Mtahiniwa anakubali kwa maandishi kutoyatoa maswali nje, kwa hiyo unayeuziwa unanunua ama mali ya wizi ama uongo. Halafu huyohuyo ndiye atakabidhiwa bajeti! Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na kupata mafunzo ya saa 35. Kuna wanaojaza fomu kwa miradi ya kubuni, wakisahau kwamba PMI huteua baadhi ya maombi na kudai uthibitisho.

Mtanijibu kwamba vitabu ni ghali. Kweli ni ghali. Lakini muhtasari wa mtihani PMI wanautoa bure kwenye tovuti yao, na mwanachama hupakua PMBOK bila kulipa zaidi. Mwongozo wa kujisomea siukatai hata kidogo. Mzuri unakueleza kwa nini jibu la pili ni baya, si kwamba la tatu ndilo sahihi tu. Mliouziwa kopi za 2017 kwa ahadi ya kufaulu, mrudieni muuzaji mumuulize ni lini mara ya mwisho alisoma huo muhtasari.