UCHAMBUZI: Mlio wa Detekta Hautoi Haki ya Kuchimba

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kifaa cha kutambua metali, ambacho wachimbaji wadogo hukiita detekta, kimezoeleka katika utafutaji wa dhahabu nchini. Katika Kanda ya Kati, mwananchi anayekikodi hafukuzii ndoto tupu: Sekenke, wilayani Iramba, dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani, na Londoni, wilayani Manyoni, imewavuta wachimbaji wengi katika karne hii. Linalostahili kutazamwa ni kile anachokipata kwa fedha yake.

Detekta hupeleka uga wa sumaku ardhini na kulia pale inapokuta metali. Hunasa vipande vya dhahabu vilivyo karibu na uso wa ardhi. Chembe ndogo zilizotawanyika ndani ya mwamba haizisikii. Msumari wa kale huusikia vizuri sana. Kwa hiyo kipande kimoja kilichookotwa hakithibitishi kuwapo kwa mwamba wenye dhahabu, wala ukimya wa kifaa hauthibitishi kuwa haupo. Kuuza mifugo ili kuchimba duara kwa kufuata mlio pekee ni kamari.

Upo pia upande wa sheria. Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini ni mali ya umma hata yakiwa ndani ya shamba la mtu, na kutafuta kunahitaji leseni sawa na kuchimba. Hili husahaulika, kwa sababu mwenye detekta hujiona anatembea tu. Leseni ya uchimbaji mdogo, inayotolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, humruhusu mwenye nayo kutafuta na kuchimba ndani ya eneo lake kwa miaka 7. Hata hivyo, akikaribia makazi ya watu au mashamba yaliyolimwa, anapaswa kupata ridhaa ya maandishi ya mmiliki. Migogoro mingi ingeepukika kama karatasi hiyo ingetangulia sururu.

Mwaka 2023, Wizara ya Madini ilieleza kuwa ni asilimia 16 tu ya eneo la nchi iliyokuwa imefanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia, ikakusudia kufikia asilimia 50 ifikapo 2030. Wakati kazi hiyo ikiendelea, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ina maabara jijini Dodoma inayopima sampuli za miamba, na mwananchi anaweza kupeleka zake kabla ya kukodi mashine za kuchimbia.