Zabuni za mitambo ya kura: Mpiga kura wa Migori na Homa Bay hana pa kulalamikia

KURA ya marudio ya urais ya Oktoba 26, 2017 haikupigwa katika kaunti nne za Nyanza: Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliahirisha shughuli hiyo hadi Oktoba 28, kisha ikaiahirisha tena bila kutaja siku, na matokeo yakatangazwa bila kaunti hizo. Wengi wanapokumbuka siku zile huzungumzia vitoa machozi na barabara zilizofungwa kwa mawe. Linalosahaulika ni kwamba miongoni mwa masharti ambayo muungano wa upinzani, NASA, ulitoa kabla ya kukubali kushiriki marudio hayo, yalikuwamo masharti ya zabuni: kampuni ya OT-Morpho, iliyoiuzia tume mitambo ya kielektroniki, iondolewe, na Al Ghurair ya Dubai isichapishe tena karatasi za kura.

Hivyo basi, suala la jinsi taasisi ya serikali inavyopima zabuni za teknolojia, ambalo kwa kawaida huachiwa mawakili na wahasibu jijini Nairobi, lilifika hadi Rongo na Ndhiwa. Na mkazi wa huko asiyeridhishwa na kipimo hicho, alalamike wapi?

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inaruhusu maamuzi ya zabuni kupingwa mbele ya bodi ya rufaa za ununuzi, maarufu kama PPARB. Lakini kifungu cha 167 kinampa haki hiyo mwenye kuwania zabuni anayedai kupata hasara, au kukabiliwa na hatari ya kuipata. Mpiga kura atakayepanga foleni tangu alfajiri hatambuliwi kuwa na hasara yoyote. Aidha, kifungu cha 67 kinafanya siri mambo mengi ya tathmini. Anachoweza kufanya mwananchi ni kukimbilia Mahakama Kuu kwa jina la katiba, njia ambayo ni ndefu, ghali na isiyotabirika. Julai 7, 2017 majaji watatu walifutilia mbali zabuni ya kuchapisha karatasi za kura ya urais kwa kuwa umma haukuhusishwa. Siku 13 baadaye, Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo.

Kesi yenye funzo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya mwaka wa 2013. IEBC ilikuwa imeipa Face Technologies ya Afrika Kusini kandarasi ya takriban Sh1.3 bilioni ya kuleta vifaa vya kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole. Kampuni pinzani, ikiwemo Avante ya Marekani, zilipinga jinsi zabuni hiyo ilivyotathminiwa. Bodi ilikubali kwamba kulikuwa na kasoro. Lakini uchaguzi ulikuwa umeshabisha hodi, na kwa kisingizio cha maslahi ya umma kandarasi iliachwa iendelee.

Machi 4, 2013 umma huo uliotajwa ulijionea wenyewe. Katika vituo vingi nchini betri zilikwisha, vifaa vingine havikuwaka kabisa, na makarani wakarudia sajili iliyochapishwa kwenye karatasi. Mahakama ya Juu, ilipoamua kesi ya aliyekuwa mwaniaji urais, hayati Raila Odinga, haikuridhishwa na maelezo ya ununuzi wa mitambo hiyo, ikapendekeza uchunguzi ufanywe na washukiwa wafunguliwe mashtaka.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. "Maslahi ya umma" yalitajwa kuikinga zabuni yenye dosari, huku umma wenyewe ukiwa hauna kiti katika kikao kilichoamua. Kila tume inapochelewa, kuchelewa kwake hugeuka ngao. Mnamo 2017 tume ilifuta zabuni ya mitambo ya KIEMS baada ya mivutano na, ikibaki miezi mitano tu, ikainunua moja kwa moja kwa kampuni moja ya Ufaransa, ile ile iliyokuja kuitwa OT-Morpho. Pasipo ushindani hapana tathmini ya kupinga. Mnamo 2021 zamu ilikuwa ya Smartmatic, na kampuni ya Risk Africa Innovatis ilipinga zabuni hiyo hadi mahakamani kabla ya Smartmatic kuanza kazi.

Ni haki kusema kwamba uchaguzi wa 2022 ulikuwa na nafuu. Fomu za matokeo ya urais kutoka vituoni ziliwekwa kwenye tovuti ya tume kila mtu azisome, na Mahakama ya Juu haikushawishika kuwa mitambo ilichezewa. Ila nafuu hiyo ilitokana na uwazi wa matokeo, si uwazi wa zabuni.

Je, ni nini hasa kinachopimwa? Kwanza makaratasi: cheti cha kulipa ushuru, dhamana ya zabuni, idhini ya mtengenezaji. Kisha ujuzi: kampuni imewahi kufanya kazi ya ukubwa huu wapi, ina mapato kiasi gani. Mwisho ni bei. Yote hayo yana maana yake, na tume inalazimika kufuata vigezo vilivyomo katika hati ya zabuni pekee. Lakini kigezo kisipoandikwa mwanzoni, hakiwezi kudaiwa baadaye. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, IEBC ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kasi wa kupeperushia matokeo. Jambo hilo lilistahili kuulizwa siku zabuni ilipoandikwa. Mtambo unaofanya kazi vizuri katika ukumbi wa hoteli jijini ungepelekwa kwanza kisiwani Mfangano, au Nyatike ndani, ukajaribiwa mchana kutwa bila umeme, ndipo alama zitolewe.

Wapo watakaosema kuwa mwananchi akipewa nafasi mbele ya bodi, kila chama kitajificha nyuma ya mkulima mmoja wa miwa wa Awendo na hapatakuwa na uchaguzi. Hofu hiyo ina uzito. Hata hivyo, muhtasari wa tathmini unaweza kuchapishwa kabla ya mkataba kutiwa saini bila kumpa mtu yeyote amri ya kusimamisha kazi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na mitambo iliyonunuliwa 2017 itakuwa imetimiza miaka 10. Sheria inatoa siku 14 za kwenda kwa bodi na 21 za bodi kuamua. Siku 14 za kwenda Mahakama Kuu na 45 za kusikilizwa huko. Kisha siku saba za kukata rufaa na 45 nyingine za Mahakama ya Rufaa. Jumla ni siku 146. Zabuni ya mitambo itakayotolewa Machi 17, 2027, ikipingwa na kila upande ukatumia siku zake zote, itaamuliwa siku yenyewe ya kupiga kura.